Meli Ikizimika Vitani: Kanuni za Mezani za Arijojo na Gofu katika Full Thrust

Michezo mingi ya vita vya anga za juu inayochezwa mezani kwa dadu ina hesabu nzuri ya jinsi meli inavyopigwa, na hesabu mbovu ya kinachofuata. Meli imeishiwa mizinga, injini imekufa, lakini bado ina visanduku vinne vya bodi, yaani alama za uhai wake zinazokatwa kila inapopigwa. Kwa mujibu wa kitabu bado ipo vitani. Mwenyewe hana la kufanya nayo, na adui anasita kuipotezea mizinga. Mwisho mmoja anasema "basi itoe tu", nayo inatolewa. Hapo pambano limepoteza sehemu yake tamu kuliko zote, kwa sababu ni palepale ambapo uokoaji, utekaji na kusalimu amri vingeanza.

Kanuni zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili ya Full Thrust, mchezo wa Jon Tuffley wa Ground Zero Games ya Uingereza, toleo la pili la 1992 likitumiwa pamoja na mabadiliko ya Fleet Book, kitabu chake cha nyongeza cha 1998. Tumeuchagua kwa sababu mchapishaji anatoa vitabu vyake bure kwenye intaneti, na dadu zinazohitajika ni za pande sita, zilezile za ludo. Kipimo chetu cha kanuni nzuri ni hiki: meli iliyozimika imlazimishe kila mchezaji kuamua jambo kila raundi, na isimwongezee kazi ya kalamu. Kanuni iliyoshindwa kimojawapo tumeikata.

Meli huzimika mara ngapi

Full Thrust hugawa visanduku vya bodi katika safu nne. Safu ikiisha, kila mfumo wa meli (mzinga, injini na kadhalika) ambao bado unafanya kazi unatupiwa dadu moja: mwisho wa safu ya kwanza mfumo unakufa kwa 6, wa pili kwa 5 au 6, wa tatu kwa 4, 5 au 6. Safu ya nne ikiisha meli imekwisha. Kwa hiyo mzinga mmoja una nafasi ya 5/6 × 4/6 × 3/6 kuingia safu ya nne ukiwa mzima, yaani asilimia 28 hivi. Mtambo wa shabaha, ambao bila huo mizinga haiwezi kulenga, una hatari ileile. Meli yenye mtambo mmoja ina asilimia 72 ya kufika safu ya nne ikiwa kipofu. Yenye miwili ina asilimia 52. Injini ina nafuu kwa sababu pigo la kwanza linaikata nguvu nusu na ni la pili ndilo linaiua. Mafundi wasipowahi, meli moja kati ya nne zinazofika safu ya nne itakuwa haina injini kabisa.

Zidisha hizo mbili kwa meli yenye mitambo miwili ya shabaha: asilimia 13. Yaani katika kila meli nane zinazofika safu ya nne, moja tu imepoteza injini na uwezo wa kupiga kwa pamoja. Hilo ndilo linaloturuhusu kuipa meli ya aina hiyo kanuni zenye kina kidogo. Zingekuwa nyingi mezani, kanuni hizi zingechosha.

Hali tatu

*Bubu* ni meli isiyo na mtambo wa shabaha unaofanya kazi, au isiyo na silaha hata moja ya kushambulia. Inatembea, inageuka, na mizinga yake midogo ya kujikinga na makombora inaendelea kama kawaida.

*Arijojo* ni meli ambayo injini yake imekufa kabisa. Iliyobaki na nusu ya nguvu haimo. Meli ya arijojo inapiga kama kawaida, na hapa ndipo wachezaji wageni wanaumia: wanaiona haigeuki, wanaisogelea kifua mbele, kumbe mizinga yake ya daraja la 3 bado inafika inchi 36. Mkitumia kanuni inayozuia kupiga kupitia tezi (nyuma ya meli) wakati injini inawaka, kumbuka kwamba meli hii haichomi kitu. Mzinga wowote wenye mwelekeo wa tezi unaruhusiwa.

*Gofu* ni meli iliyo bubu na arijojo kwa wakati mmoja. Haiwezi kuruka kwenda nje ya mfumo wa nyota hata kama injini ya safari ndefu ni nzima.

Meli yenye uzito wa 20 au chini haiwi gofu. Ikifikia hali hiyo ondoa mezani, hesabu imeangamizwa. Ina kikosi kimoja tu cha mafundi, na kuifuatilia raundi tano hakulipi. Vilevile, kisanduku cha mwisho cha bodi kikikatwa, meli yoyote iondoke mezani. Kuna wanaopenda kuacha mabaki yakielea. Baada ya raundi sita meza inajaa mabaki na hakuna anayekumbuka yapi yana watu ndani.

Hali hizi hukaguliwa mwisho wa raundi tu, baada ya ukarabati. Ukizikagua katikati ya kupigana, meli itaingia gofu na kutoka ndani ya raundi moja na mtabishana.

Alama mezani

Chukua vizibo vya soda kama ishirini. Paka kumi rangi nyekundu na kumi rangi ya bluu. Chekundu: injini imekufa. Cha bluu: haiwezi kupiga. Meli yenye vyote viwili ni gofu, kwa hiyo huhitaji alama ya tatu. Weka kizibo nyuma ya kitako cha meli, upande wa tezi, kisije kikaharibu upimaji wa umbali kutoka omo (mbele ya meli).

Kwa meli ya arijojo ongeza mshale wa kadi ngumu, sentimita 5 kwa 2, uliochongwa ncha. Andika kasi juu yake kwa penseli na uulaze chini ya kitako ukielekea meli inakokwenda. Usitumie dadu kuonyesha kasi. Kasi inavuka 6 mara kwa mara, na zaidi ya hapo dadu iliyo mezani itaokotwa na mtu aitupe.

Mwendo wa arijojo

Angani hakuna kinachopunguza mwendo. Meli iliyopoteza injini ikiwa na kasi ya 14 itakwenda inchi 14 kila raundi, mstari ulionyooka, hadi mtu aizuie. Haiandikiwi amri ya mwendo. Mara tu wachezaji wanapomaliza kuandika amri zao, zisogeze kwanza meli zote za arijojo na magofu, kisha zile zenye injini. Matokeo ni yaleyale kama zingesogea pamoja, ila mnaokoa muda, na meza inabaki wazi kwa kazi ngumu.

Injini inapokufa, tupa dadu moja. Kwa 1 hadi 4 meli inabaki imeelekeza omo mbele. Kwa 5 inaanza kujizungusha kufuata mwendo wa saa, kwa 6 kinyume chake: alama mbili za saa kila raundi, yaani nyuzi 60. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Mielekeo ya mizinga katika Fleet Book ni sita ya nyuzi 60 kila mmoja, kwa hiyo mzunguko wa alama mbili unasogeza meli mwelekeo mmoja kamili. Mchezaji haulizi "hii iko kulia au omo?". Anayetumia alama moja kwa raundi atajikuta kila mara kwenye mpaka wa mielekeo. Kumbuka mshale wa kadi hauzunguki. Anazunguka mwanasesere wa meli tu. Kikosi kimoja cha mafundi kinaweza kusimamisha mzunguko kwa 4 au zaidi.

Tatizo la kweli ni ukingo wa meza. Meza ya futi 6 ni inchi 72. Meli iliyozimika katikati ikiwa na kasi ya 18 inatoka nje kwa raundi mbili, na kanuni zote hizi zinakwenda nayo. Ikibaki inchi 6 au pungufu kufika ukingoni, hamisha kila kitu mezani inchi 24 upande wa pili. Meli nzima itakayosukumwa nje kwa kuhamisha huko ihesabiwe iko mbali, na inaruhusiwa kurudi. Kama wachezaji hawataki kuhamisha meza, anzeni pambano kwa kasi isiyozidi 8. Hiyo peke yake inatibu nusu ya ugonjwa.

Magofu hayazuii mstari wa kupiga, wala hayagongwi kwa bahati mbaya. Anga ni kubwa kuliko meza inavyoonyesha.

Kuipiga meli iliyozimika

Hapa kishawishi ni kumpa mshambuliaji nyongeza ya dadu kwa kuwa shabaha haikwepi. Usifanye hivyo. Mizinga ya miale katika Full Thrust haina dadu ya kulenga. Dadu yenyewe ni madhara (4 au 5 ni pigo moja, 6 ni mawili), na ukiiongeza unaua meli haraka kabla haijapata nafasi ya kuwa tatizo la kuvutia. Isitoshe, aliyezimika tayari anaadhibiwa na makombora ya mafungu, yanayowekwa mezani kabla meli hazijasogea. Mpigaji kwa kawaida hubahatisha adui atafika wapi. Kwa meli ya arijojo habahatishi.

Tunachoruhusu ni shabaha teule. Anayeipiga meli ya arijojo au gofu akiwa ndani ya inchi 12 anaweza, mara moja kwa kila meli inayopiga, kuacha madhara ya dadu moja iliyoonyesha 6 na badala yake kutaja mfumo mmoja. Mfumo huo unatupiwa dadu: 4 au zaidi, umekufa. Kikomo cha mara moja ni muhimu. Bila hicho kila mtu anataja mtambo wa shabaha, na meli ya arijojo inageuka bubu raundi ileile, daima.

Kuna mwanya mwingine wa kuziba. Makombora ya mafungu hushambulia meli iliyo karibu zaidi ndani ya inchi 6 ya pale yalipowekwa. Mchezaji mjanja atapitisha meli zake nzima nyuma ya gofu lake ili limeze makombora. Kwetu, gofu si shabaha ya makombora isipokuwa mwenye makombora atamke wakati wa kuyaweka kwamba analilenga hilo. Meli ya arijojo bado ni shabaha, maana mitambo yake inawaka.

Mafundi

Kitabu kinatosha kwa sehemu kubwa. Kikosi kimoja cha mafundi kinarekebisha mfumo kwa 6. Viwili kwenye mfumo mmoja, 5 au 6. Vitatu, 4 hadi 6, na huwezi kuweka zaidi ya vitatu. Kila uzito wa 20 unaipa meli kikosi kimoja, na vinapungua kadiri visanduku vyenye nyota, kimoja kwa kila kikosi, vinavyokatwa.

Kosa la kawaida ni kutawanya vikosi. Meli yenye vikosi vitatu na mifumo mitatu iliyokufa ikiweka kimoja kimoja ina nafasi ya asilimia 42 ya kupata walau mfumo mmoja, lakini haiwezi kuchagua upi. Vyote vitatu kwenye injini ni asilimia 50 ya kupata injini. Kwa gofu, kuchagua ni kila kitu: injini ikirudi unakimbia, mtambo wa shabaha ukirudi unaweza kumfukuza anayekuja kukuteka. Injini inarudi kwa hatua, pigo moja kwa kila ukarabati, kwa hiyo ukarabati wa kwanza unakupa nusu ya nguvu na kizibo chekundu kinaondoka.

Nyongeza yetu ni msaada wa jirani. Rafiki aliye ndani ya inchi 3, mwenye mwelekeo na kasi ileile, anaweza kuvusha hadi vikosi viwili. Raundi ya kuvuka hawafanyi kazi. Kikomo cha vitatu kwa mfumo kinabaki, na vikosi vilivyovuka havihesabiki kwao hadi vivushwe kurudi.

Kukokota

Hii ndiyo kanuni wachezaji wanayoiomba sana na wanayoiharibu sana. Shida yake ni kufika, kwani kuvuta kwenyewe ni hesabu moja tu.

Masharti ya kufunga kamba: mwisho wa mwendo, mkokotaji awe ndani ya inchi 3 ya gofu, mwelekeo uleule wa saa, kasi ileile. Inchi 2 inapendeza kwenye karatasi, lakini vitako vya wanasesere wakubwa vinagusana kabla hujafika. Masharti yakitimia, tangaza. Raundi inayofuata meli zote mbili zinakwenda moja kwa moja bila kutumia injini, na mkokotaji hapigi mizinga ya kushambulia. Raundi hiyo ikiisha, kamba imefungwa.

Chukua mfano. Gofu lina kasi ya 10. Mkokotaji yuko inchi 16 nyuma yake, mstari uleule, kasi 14, injini ya nguvu 6 (inabadili kasi hadi 6 kwa raundi). Raundi ya kwanza anaongeza hadi 20: anapunguza pengo kwa 10, limebaki 6. Raundi ya pili anashuka hadi 14: pengo limebaki 2. Raundi ya tatu anashuka hadi 10: yuko inchi 2 nyuma, kasi sawa, masharti yametimia. Raundi ya nne ni ya kufunga. Nguvu inaanza kusaidia raundi ya tano. Hapo alikuwa tayari kwenye mstari sahihi! Mtu anayetoka ubavuni aongeze raundi mbili. Kwa pambano la raundi nane au kumi, basi, uokoaji ni uamuzi wa kufanya mara tu injini inapokufa. Ukisubiri uone mambo yatakavyokuwa, umechelewa. Wanaopita gofu kwa kasi kisha kujaribu kugeuka hawafiki kamwe.

Njia nyepesi ya kupanga ni kuchomeka vijiti vya kiberiti pale gofu litakapokuwa baada ya raundi moja, mbili na tatu. Njia yake inajulikana, kwa hiyo vijiti havidanganyi.

Kamba ikishafungwa, nguvu ya msafara ni nguvu ya injini ya mkokotaji mara uzito wake, gawanya kwa uzito wa meli zote mbili, tupa desimali. Meli ya uzito 80 yenye nguvu 4 ikikokota ya uzito 60: 4 × 80 ÷ 140 = 2.29, yaani 2. Meli ndogo ya uzito 30 yenye nguvu 6 ikikokota ya uzito 100: 180 ÷ 130, yaani 1. Hiyohiyo ikijaribu meli kubwa ya uzito 160: 180 ÷ 190, yaani sifuri, haitoki hata kwa dua. Wakokotaji wawili wanajumlishwa: mbili za aina hiyo zinaivuta ya 160 kwa 360 ÷ 220, yaani 1.

Msafara unageuka alama moja ya saa kwa raundi, na kugeuka huko kunakula nguvu yote. Mkokotaji anatumia mtambo mmoja tu wa shabaha. Kukata kamba ni bure, lakini lazima kuandikwe kwenye amri, na gofu linabaki na kasi na mwelekeo lililokuwa nao wakati wa kukatwa. Wengi husahau hili na kulirudisha gofu kwenye mwendo wake wa zamani. Ukikata kamba, chukua mshale wa kadi, futa namba, andika mpya hapohapo.

Mnaotumia mwendo wa vekta (meli inaendelea na njia yake ya zamani hata omo ikigeuka), masharti ni yaleyale ila ruhusuni tofauti ya inchi 1 kati ya vekta mbili, la sivyo kamba haitafungwa mwaka mzima.

Kushusha bendera

Mwisho wa raundi, baada ya ukarabati, kila gofu lililo na adui mwenye uwezo wa kupiga ndani ya inchi 12, na lisilo na rafiki mwenye uwezo huo ndani ya inchi 12, linatupiwa dadu moja. Dadu ikizidi idadi ya vikosi vya mafundi vilivyobaki ukijumlisha 2, linasalimu amri. Lenye vikosi vitatu linasalimu kwa 6 tu. Viwili, kwa 5 au 6. Kimoja, kwa 4 hadi 6. Lenye vinne au zaidi halisalimu ila nahodha akitaka mwenyewe, na hiyo ni sawa: meli kubwa yenye watu wengi bado ina matumaini ya kujirekebisha.

Angalia jinsi sharti la rafiki linavyofanya kazi. Kuleta meli nzima karibu kunalinda gofu hata kama haijafunga kamba, na adui analazimika kuifukuza kwanza. Sehemu nzuri za pambano mara nyingi zinatokea hapa, kuzunguka kitu ambacho chenyewe hakiwezi kufanya lolote.

Meli iliyoshusha bendera haipigi, haipigwi, haijirekebishi. Anayeipiga anapoteza pointi sawa na thamani yake yote. Meli iliyosalimu kisha ikafyatua mzinga, mwenyewe amepoteza pambano. Hakuna haja ya kanuni ndefu zaidi.

Kuvamia

Kwa ufupi. Masharti ya umbali na kasi ni yale ya kukokota. Mvamizi anavusha vikosi vyake vya mafundi, si zaidi ya nusu. Kila raundi pande zote mbili zinatupa dadu moja kwa kila kikosi, wakati mmoja. Kila 5 au 6 inaua kikosi cha upande wa pili. Atakayebaki ndiye mwenye meli. Meli iliyotekwa haipigi mizinga tena katika pambano hilo, hata ikirekebishwa, na inahitaji vikosi viwili ndani yake ili isogee kwa nusu ya nguvu. Kanuni zinazoruhusu mateka kufyatua mizinga raundi inayofuata zinageuza kila pambano kuwa mbio za kuvamia.

Meli iliyoshusha bendera inatekwa bila kutupa dadu: fika, vusha kikosi kimoja.

Pointi

Bila hesabu hii, yote yaliyotangulia ni mapambo. Mchezaji anafuata pointi.

Chukua meli ya pointi 240 yenye visanduku 20. Ikiangamizwa, adui anapata 240. Ikiwa bubu tu au arijojo tu mwisho wa pambano, robo, 60. Gofu lisilo na rafiki mwenye uwezo wa kupiga ndani ya inchi 12 linampa adui asilimia 75, yaani 180. Gofu lililolindwa na rafiki, au lililofungwa kamba yake, asilimia 40, yaani 96. Iliyotekwa au iliyoshusha bendera, asilimia 150, yaani 360.

Asilimia 75 ndiyo itakayozua maswali, kwa sababu wengi huweka 60 au 50 kwa kuona gofu "ni nusu ya ushindi". Fanya hesabu. Dadu moja ya miale inaleta wastani wa madhara 0.67 (bila kanuni ya kurudia 6, yaani kutupa tena dadu iliyoonyesha 6 na kuongeza madhara yake). Meli nzima ya visanduku 20 inakula dadu 30 kuangamizwa, pointi 8 kwa kila dadu. Gofu lililoko mwanzo wa safu ya nne lina visanduku 5, dadu saba na nusu. Kama gofu tayari limekupa asilimia 60, kulimalizia kunakupa 96 zaidi, karibu 13 kwa dadu, na kitu chenyewe hakirudishi moto. Kila mtu atalimalizia, na kanuni ya kukokota haitatumika hata mara moja. Kwa 75, kulimalizia kunakupa 60, yaani 8 kwa dadu, sawa na kupiga meli nzima. Sasa kuna kuchagua. Ukitumia kanuni ya kurudia 6 wastani unapanda hadi 0.8, lakini unapanda kwa pande zote mbili na uwiano haubadiliki.

Mpangilio wa raundi

Andikeni amri, pamoja na kukata kamba. Sogezeni arijojo na magofu, na mizunguko yao. Halafu raundi iendelee kama kitabuni hadi mwisho wa kupigana. Kisha, kwa utaratibu huu: ukarabati, kukagua hali na kubadilisha vizibo, mapigano ya ndani ya meli, kushusha bendera, kufunga kamba. Ukarabati lazima utangulie bendera, la sivyo meli inasalimu amri huku mafundi wake wakiwa wameshaiwasha injini.

Mkitumia mifumo ya msingi ya Fleet Book, yaani daraja la nahodha, hewa ya mabaharia na kinu cha nishati, hakuna kinachogongana, isipokuwa kimoja: kinu kikiwa hatarini kulipuka, hakuna anayeruhusiwa kufunga kamba wala kuvuka. Hesabuni meli iliyopoteza daraja kuwa gofu kwa muda wote haliongoziki, lakini isitupiwe dadu ya bendera. Hakuna wa kuishusha.

Kwenye michezo mingine

Battlefleet Gothic ya Games Workshop (1999) ina magofu yake tayari, yanayoelea na yanayowaka moto, kwa hiyo chukua pointi na kukokota tu, na ufanye hesabu ya asilimia upya kwa meli zake. Triplanetary ya Game Designers' Workshop (GDW, 1973) huhesabu kuzimika kwa idadi ya zamu, na zinapungua moja moja. Huko badilisha dadu ya bendera iwe dhidi ya zamu zilizobaki, na inchi 3 ziwe heksagoni moja. Kwenye michezo ambayo meli husimama injini ikizima, kama vile iko baharini, acha kukokota kabisa. Kila mtu atafika, na uamuzi wenyewe utakuwa umekwisha.